Siku kumi kutoka Kizingitini: orodha, mihuri na maji ya Mkanda

Kimbunga chenyewe ni nadra kufika Lamu. Kisiwa kiko nyuzi 2 na kidogo kusini mwa ikweta, na huku mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kuupinda upepo hadi ujisokote. Vimbunga hupiga chini yetu: Zanzibar Aprili 1872, Lindi 1952, na Hidaya kilichotua Mafia Mei 2024. Sisi hupata mkia wake: kusi iliyopanda hasira, mawimbi yanayoingia mpaka mitaani, mvua ya siku tatu. Mkia huo unatosha kung'oa paa la makuti, kuzamisha mashua na kutia chumvi kisima cha mtaa mzima.

Marekani, hurikeni ikipita na eneo likatangazwa la maafa, mwenye nyumba hujisajili kwa shirika moja la serikali, FEMA, kwa simu au mtandao, na kwa kawaida ana siku 60 za kufanya hivyo. Kwetu mlango haupo mmoja. Yuko mzee wa kijiji, naibu chifu, polisi, Msalaba Mwekundu, serikali ya kaunti, ofisi ya samaki, msikiti. Kila mmoja ana karatasi yake, na karatasi hizo hazisomani. Asiyeonekana kwenye orodha ya kwanza huwa vigumu kuonekana kwenye ya tatu.

Safari hii ya kupeleka orodha ya hasara kwenye milango hiyo na kutafuta msaada imepangwa kwa mtu au watu wawili waliotumwa na kijiji, wakianzia Kizingitini, kisiwani Pate, dhoruba ikiwa imepiga usiku wa kuamkia Ijumaa. Anayetoka Siyu, Mbwajumwali au Ndau atabadilisha gati tu.

Siku ya 1, Ijumaa. Kizingitini

Kabla ya kalamu, mashine. Injini ya boti iliyozama kwenye maji chumvi haiharibiki sana ikiwa chini ya maji; huharibika ikishatolewa ikapigwa na hewa. Ukiiopoa, una saa chache tu. Isuuze yote kwa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, hata kama maji baridi siku hiyo ni ya kugombania. Toa plagi, ilaze matundu ya plagi yakitazama chini, zungusha gurudumu kwa mkono mpaka maji yaishe kutoka. Mwaga petroli yote ya kabureta na ya mpira. Tia oili kwenye matundu, zungusha tena, rudisha plagi. Gurudumu likigoma usilazimishe: pengine injini ilizama ikiwa inanguruma, ikameza maji, na chuma cha ndani kimepinda. Fundi akiwa mbali na leo hafiki, itumbukize kwenye pipa la maji baridi imsubiri humo. Watu hushangaa, lakini pipa ni bora kuliko jua.

Baada ya sala ya Ijumaa kijiji kizima kiko mahali pamoja, na kipaza sauti kipo. Hapo ndipo pa kuchagua kamati: watu watano wanatosha, wawili angalau wawe wanawake, na mmoja awe anayejua kuandika haraka kwa mwandiko unaosomeka. Usichague watano wa ukoo mmoja hata kama ndio wenye simu nzuri. Orodha yenye harufu ya ukoo hurudishwa.

Andika kwenye kaunta buku, si karatasi za kuchana. Tumia penseli, wino wa biro hulia ukipata unyevu. Kila kaya ipate mstari wake: majina matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho, namba ya kitambulisho, namba ya simu na jina lililosajili laini hiyo, idadi ya watu kwa jinsia, watoto chini ya miaka 5, wajawazito, wazee wa 70 na zaidi, wenye ulemavu. Halafu hasara: nyumba imeanguka yote, imeanguka sehemu, au imeingia maji tu, paa la makuti au mabati, choo, kisima, chombo cha bahari, madema na nyavu. Mwisho saini au dole gumba.

Majina matatu hayana mjadala. Kijiji kimoja cha Pate kinaweza kuwa na Fatuma Mohamed watano, na ukiandika mawili tu, mgao utaliwa na mmoja au utazuiwa kwa wote.

Siku ya 2, Jumamosi. Kizingitini, nyumba kwa nyumba

Kazi ya leo ni picha na alama. Kabla ukuta haujakauka, piga mstari wa chaki au mkaa pale maji yalipofika, andika tarehe kando yake, pima kwa futi kamba kutoka sakafuni. Wiki ijayo ukuta wa mawe na chokaa utakuwa mweupe tena, na mkaguzi atakuuliza maji yalifika wapi. Kila nyumba picha tatu: ya mbali ikionyesha kitu kisichohama, kama mnara wa msikiti au mbuyu, ya karibu ikionyesha uharibifu, na ya mwenye nyumba amesimama mlangoni. Washa mahali kwenye kamera ya simu. Taja namba ya mstari wake kwenye kaunta buku kwa kuandika kwenye kipande cha boksi na kukishika ndani ya picha. Picha mia mbili zisizo na namba ni mzigo tu wa simu.

Wanaosahaulika ni walewale kila mara.

Wavuvi walioko dago, yaani kambi ya uvuvi wa mbali. Dhoruba imewakuta Kiwayu au mbele zaidi, hawajarudi, na wake zao wameandikwa kama wageni wa nyumba za wazazi. Waandike kwa kaya zao, weka alama "dago".

Mjane aliye eda. Hatoki kuja barazani, na hapaswi kulazimishwa. Mwanamke wa kamati aende kwake, amuandike, apige picha ya nyumba bila ya mwenyewe.

Mke wa pili. Nyumba mbili za mume mmoja ni kaya mbili, kila moja kwa jina la mke wake. Zikiandikwa kwa jina la mume, mpigaji hesabu ataona jina limejirudia na atafuta moja, na hatauliza ni ipi.

Mpangaji na mwenye nyumba. Mpangaji amepoteza godoro na sufuria. Mwenye nyumba amepoteza paa. Mistari miwili, hasara mbili tofauti. Wakiandikwa pamoja, mwenye nyumba hupewa blanketi na mpangaji hupewa ahadi ya mabati.

Kisha kuna kishawishi cha kuongeza chumvi: nyumba iliyoingia maji iandikwe imeanguka, kwa kuwa "wao hupunguza". Usifanye. Wakaguzi hawatembelei nyumba zote. Huchagua chache kwa kubahatisha. Katika kumi wakikuta mbili za uongo, wanaanza upya na fomu zao, na kijiji kinarudi mwisho wa foleni nyuma ya vijiji vilivyosema kweli.

Siku ya 3, Jumapili. Visima na jabia

Ofisi zimefungwa, kwa hiyo maji.

Kisima kilichoingiwa na maji ya mvua na uchafu wa vyoo ni kitu kimoja. Kilichoingiwa na bahari ni kingine. Klorini inaua vijidudu, haiondoi chumvi. Na kisima cha pwani kina siri yake: maji baridi yamekaa juu ya maji chumvi kama mafuta juu ya mchuzi. Ukileta pampu ukakikausha ili "kukisafisha", unavuta chumvi ya chini ipande, na kisima kilichokuwa kipone kwa mvua za msimu mmoja kinachukua muda mrefu zaidi. Hili lilionekana Sri Lanka baada ya tsunami ya Desemba 2004. Toa takataka, chota pole kwa ndoo, acha mvua ifanye kazi yake.

Kisima cha uchafu bila bahari hutiwa dawa hivi. Pima kipenyo na kina cha maji. Kisima cha kipenyo mita 1.2 chenye maji ya kina cha mita 2 kina lita 2,260 hivi (0.6 × 0.6 × 3.14 × 2, mara 1,000). Klorini ya chenga yenye nguvu ya asilimia 70 inahitajika gramu 160 hivi kufikia miligramu 50 kwa lita. Koroga kwenye ndoo ya plastiki, kamwe si ya bati, acha chokaa yake itulie, mimina maji ya juu. Chota na kumwagia kuta za kisima kwa maji hayohayo. Funika usiku kucha, saa 12 au zaidi, na weka mtu pale asubuhi kwa sababu watoto hawasomi mabango. Kisha chota na kumwaga mpaka harufu kali ipungue. Makosa ya kawaida ni mawili: kopo la klorini lililokaa wazi tangu mwaka juzi limepoteza nguvu, na watu hutia dawa kisima ambacho choo cha jirani bado kinavujia ndani.

Jabia, tangi la kuhifadhi maji ya mvua, ina shida nyingine. Sakafu ya kukingia mvua ikirukiwa na povu la bahari, maji ya kwanza yatakayoingia tangini ni ya chumvi. Ziba mlango wa tangi, acha mvua ya kwanza ioshe sakafu, ndipo ufungue.

Ya kunywa nyumbani: maji yenye tope tumia pakiti za unga wa gramu 4, moja kwa lita 10. Koroga dakika 5, acha tope litulie, chuja kwa kitambaa cha pamba, subiri dakika 20. Maji yaliyo safi kwa macho yatoshe kidonge cha klorini cha miligramu 67 kwa jerikeni la lita 20, na nusu saa ya kungoja. Mapipa yote yafunikwe. Lamu iliumwa chikungunya 2004, na haikuwa kwa mafuriko: ulikuwa ukame, watu wakiweka maji majumbani muda mrefu, na mbu wakazaliana humo. Baada ya dhoruba watu huweka maji kwa namna ileile.

Alasiri, baraza. Orodha isomwe kwa sauti, majina na hasara tu, bila namba za vitambulisho wala simu. Anayepinga apinge hapo. Wazee wa mitaa watie saini kila ukurasa, si wa mwisho peke yake.

Siku ya 4, Jumatatu. Faza

Bodaboda asubuhi na mapema. Faza ndiyo makao ya kaunti ndogo ya Lamu Mashariki: chifu, polisi, Naibu Kamishna wa Kaunti, hospitali. Nakala za orodha ziwe nne. Tatu kamili, ya nne isiyo na namba za vitambulisho, hiyo ndiyo ya kubandikwa au kumpa yeyote mwingine anayeomba.

Pitia kwa naibu chifu wa kata ndogo kwanza hata kama chifu ni jamaa yako. Barua inapanda ngazi. Ukiruka moja itarudishwa kupitia hiyohiyo. Unachohitaji ni mambo mawili: saini na muhuri kwenye kila nakala, na barua fupi ya kuthibitisha kwamba dhoruba ilipiga tarehe fulani ikaathiri kaya kadhaa. Nakala yako ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Neno "niachie tu hapo mezani, Maalim" si risiti. Jibu la adabu ni, "Ahsante, mzee wangu, nitangoja muhuri," na unakaa kitini.

Polisi ni kwa abstrakti, karatasi ya kuthibitisha umeripoti vitu vilivyopotea: vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, hati za shamba, leseni na cheti cha chombo. Kila mtu abebe orodha yake ya vitu na namba zake kama anazo. Hati ya shamba ni safari ndefu: msajili wa ardhi hutangaza kwenye Gazeti Rasmi na kungoja siku 60 kabla ya kutoa nyingine, kwa hiyo abstrakti ya leo ndiyo hatua ya kwanza. Kitambulisho nacho kisingoje. Bila hicho laini ya simu haibadilishwi, na bila laini pesa haziingii.

Hapa ndipo misaada mingi ya siku hizi hukwama, kwenye laini. Pesa zikitumwa kwa M-Pesa, jina la laini hulinganishwa na la orodha. Bibi anatumia laini iliyosajiliwa na mjukuu aliyeko Mombasa. Mvuvi anatumia ya mkewe. Mwingine laini yake imekufa kwa kukaa bila kutumika. Kila aliyeandikwa aangaliwe jina kabla ya orodha kuondoka Faza: mtumie shilingi kumi, jina litajitokeza lenyewe kwenye ujumbe.

Kwa vyombo, nenda na mwenyekiti wa BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo, si peke yako. Daftari la BMU lina namba za mashua na wanachama, na ofisi ya samaki inaliamini hilo kuliko maneno. Andika urefu wa chombo, aina (dau, mashua, mtumbwi), namba ya ubavuni, namba ya injini, idadi ya madema, nyavu kwa pisi na ukubwa wa jicho. Mvuvi ambaye hakuwahi kujiandikisha BMU atapata tabu, na hapo lawama ni yake.

Siku ya 5, Jumanne. Faza hadi Lamu

Mkanda hauna heshima ya ratiba. Mlango huo mwembamba kati ya Manda na bara hupitika maji yakijaa. Kwenye bamvua maji yakitoka unabaki mchanga na mikoko. Maji hujaa kwa kuchelewa dakika 50 hivi kila siku, basi ukijua ya jana umejua ya leo. Nahodha akisema tungoje, ngoja. Njia ya pili ni kuzunguka Manda kwa nje, na bahari ya nje baada ya dhoruba ya kusi si ya abiria. Vaa jaketi la kuokolea. Kaunta buku na nakala zitiwe mifuko miwili ya plastiki ndani ya ndoo ya kifuniko. Ndoo inaelea, begi halielei.

Tumia safari kunakili majumla kwenye ukurasa mmoja: kaya, watu, watoto, nyumba zilizoanguka, visima vilivyoharibika, vyombo vilivyopotea. Ofisini watasoma ukurasa huo.

Siku ya 6, Jumatano. Mji wa Lamu

Msalaba Mwekundu kwanza. Namba yao ya bure ya dharura ni 1199, na mwenye busara alishaipiga tangu siku ya kwanza kutoa taarifa. Leo ni kupeleka karatasi. Wana fomu yao ya tathmini. Usiudhike orodha yako isipochukuliwa kama ilivyo, itawaelekeza pa kuanzia. Uliza maswali matatu, uandike majibu: wakaguzi watakuja lini, nani atawapokea gatini, na mgao wao utakuwa wa vitu au wa pesa.

Kifurushi cha kaya kwa kawaida huwa na mablanketi, mikeka, seti ya sufuria na vyombo, majerikeni, vyandarua, sabuni na turubai la mita 4 kwa 6. Vipimo vinavyotumiwa duniani kwa walioko kambini ni lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, na mita za mraba 3.5 za sakafu kwa kila mtu. Vikariri unapoulizwa mnahitaji nini. "Tunahitaji msaada" haina hesabu. "Watu 140 wamelala madrasa, maji tunayo ya lita 6 kwa mtu" inajihesabu yenyewe. Bila shaka 140 hiyo ni mfano. Yako uitoe kwenye daftari.

Ofisi ya hali ya hewa ni mlango ambao wachache huugonga. Lamu ina kituo cha kupima, na barua ya kipimo cha mvua na upepo wa tarehe ile huimaliza hoja ya "haikuwa dhoruba, ni paa bovu". Mwenye bima au takaful (bima ya Kiislamu) ya chombo, au mkopo wa SACCO unaohitaji kuahirishwa, aombe nakala yake.

Jioni, wazee wa msikiti na wafanyabiashara. Zaka na sadaka huwa za kwanza kufika kuliko zote na hazina fomu, ndiyo maana zinahitaji daftari zaidi ya zote. Aliyetoa magunia aandikwe, aliyepewa aandikwe. Unga na mchele vikiachwa kwenye stoo yenye unyevu huota kuvu, na kuvu ina sumu: magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta kwa shubiri mbili.

Siku ya 7, Alhamisi. Mokowe

Piga simu kwanza uulize afisa yuko upande gani wa maji. Ofisi za kaunti ziko Mokowe, lakini afisa anaweza kuwa na kikao kisiwani, na wewe umevuka bure.

Kaunti ina mfuko wa dharura chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, usiozidi asilimia 2 ya mapato yake. Waziri wa fedha wa kaunti hawezi kuutoa kwa huruma. Sheria inamtaka aridhike kwamba kuna haja ya dharura ambayo haikutarajiwa na haina fungu lingine. Basi barua yako itumie maneno hayohayo. Usiandike "tumekuwa tukiomba ukuta wa bahari tangu zamani", kwa sababu jambo linaloombwa tangu zamani limetarajiwa, na umejifungia mlango kwa mkono wako. Ukuta wa bahari una barua yake, ya bajeti, siku nyingine. Nakala kwa mwakilishi wadi, na mwombe asaini kwamba ameiona.

Madarasa na vyoo vya shule usivitie humo. Shule za msingi na sekondari ni upande wa serikali kuu, na sheria ya NG-CDF, mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge, ya 2015 iliweka akiba ya dharura ya asilimia 5 ya fungu la eneo bunge. Mwalimu mkuu ndiye anayeomba, akiambatanisha kumbukumbu za kikao cha bodi ya shule na picha. Wazazi wakiomba badala yake barua hulala.

Acha barua ya pili siku hiyohiyo, ya kuomba taarifa: orodha ya kaya zilizoidhinishwa kwa kijiji chenu, aina ya msaada na tarehe. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kujibu, na saa 48 ikiwa ni jambo la uhai au uhuru wa mtu. Muhuri wa kupokelewa ndio unaoanzisha hesabu.

Siku ya 8, Ijumaa. Lamu, vifaa

Ofisi hulegea kabla ya adhuhuri, kwa hiyo nunua vifaa.

Miti ya mikoko inauzwa kwa korija, miti ishirini. Fito, pau, mazio, boriti, nguzo: kila jina ni unene wake, na muuzaji atajaribu kukuchanganyia mazio ndani ya korija ya boriti. Pima kwa kamba uliyoifunga fundo kabisa kabla ya kufika. Nunua kwa mkataji mwenye kibali cha huduma ya misitu na uchukue karatasi ya kusafirishia, la sivyo mzigo utashushwa njiani.

Misumari ya mabati iwe ya kofia na mpira. Upepo huanza kung'oa paa kwenye kingo, kwa hiyo kwenye ukingo wa chini, kwenye paji na kwenye pande za kipembe piga msumari kila mgongo wa bati. Katikati waweza kuruka mgongo mmoja. Msumari huenda mgongoni, si bondeni maji yanapopita. Tepe za chuma zifunge boriti kwenye ukuta. Msumari peke yake huvutwa juu kama jino. Paa la baraza la mbele lisiunganishwe na paa la nyumba. Upepo huingia chini ya baraza, ukilinyanyua linaondoka na kubwa.

Turubai usilipigilie wazi. Weka kizibo cha soda chini ya kila kichwa cha msumari, au kipande cha mpira wa tairi, na ulitie mteremko, kwani maji yakituama katikati yatalichana kwa uzito wake.

Nyumba za mawe za kale zisitiwe plasta ya saruji. Saruji hufungia unyevu na chumvi ndani ya jiwe la matumbawe, na baada ya misimu miwili plasta inadondoka na uso wa jiwe. Chokaa, na subira. Mji wa kale uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001, basi kabla ya kubomoa hata ukuta uliopasuka uliza ofisi ya makumbusho.

Siku ya 9, Jumamosi. Kurudi, kwa maji ya mchana. Mzigo chini, abiria juu, fito zisitokeze ubavuni.

Siku ya 10, Jumapili. Kizingitini

Wakaguzi wakija, wapokelewe na mtu mmoja mwenye kaunta buku, si umati. Siku ya mgao kila kaya iwe na kikaratasi chenye namba ya mstari wake, foleni zipangwe kwa mtaa na kwa saa, wazee na wajawazito wawe na foleni yao, mjane wa eda apelekewe kwake na watu wawili wakishuhudia. Ikiwa ni pesa, zungumza na mawakala mapema. Wakala mmoja mwenye floti ndogo huishiwa kabla ya adhuhuri, na waliobaki hupanda boti hadi Lamu kutoa pesa, nauli ikila sehemu ya mgao. Mtaa mmoja kwa siku ungetosha.

Daftari la malalamiko liwekwe mezani likiwa wazi, na pembeni kisanduku cha wasiotaka kuonekana wakiandika. Jina lililosahaulika liongezwe ukurasa mpya wenye tarehe, lisichomekwe kati ya mistari ya zamani.

Siku ya 28, Alhamisi

Siku 21 tangu Mokowe zimetimia. Kama jibu limekuja, lilinganishe na kaunta buku mstari kwa mstari, ukitia alama kwa penseli nyekundu palipopotea jina. Kama halikuja, una siku 30 za kupeleka lalamiko kwa Tume ya Haki za Utawala, ile wanayoiita Ombudsman. Ambatanisha nakala ya barua yenye muhuri. Ile ya asili ibaki kwenye ndoo.